RANGI SI NGUVU
Tajiri akiulizwa habari za ukingo wa mbao wa ngazi, hununua rangi. Sisi maseremala twajua: mara nyingi kinachong'oka kwanza ni mguu wa nguzo, palipopigwa misumari miwili badala ya boliti. Rangi haimshiki mtu aliyebeba gunia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka ngazi za kazini ziwe na ukingo imara. Imara kwa kipimo gani? Huko Marekani ukingo wa kazini lazima ustahimili ratili 200, karibu kilo 90, ukisukumwa nje au chini.

Twadai ukingo upimwe hivyo mbele ya mjumbe wa chama, na matokeo yaandikwe. Heri uvunjike mbele ya mashahidi kuliko mkononi mwa mwenzetu.