Fundo Mzizini si Uchawi

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo dogo la bustanini, nalo laweza kuvunja ujirani wa miaka mingi.

Katika mchanga wa pwani yetu, kutoka Mikindani hata Msimbati na kwenye mlango wa mto Ruvuma, mtu hupanda nyanya, bamia au bilingani, akamwagilia kwa bidii. Kisha miche hunyauka jua la mchana, majani hugeuka manjano, wala maji hayasaidii. Aking'oa mche mmoja, aona mizizi imevimba, ina mafundo mafundo kama kamba iliyofungwa ovyo. Na bustani ya jirani, hatua chache tu, ni nzima. Hapo ndipo maneno huanza: "Shamba limefungwa. Fulani amezika dawa." Na huyo fulani mara nyingi ni mzee au mjane asiye na wa kumtetea. Basi, kabla ya kumtaja mtu, na tujue kwanza fundo ni nini.

Fundo si kitu kilichotiwa ndani ya mmea na mkono wa mtu. Ni mwili wa mmea wenyewe, uliojengwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni huyo, awe mdudu au mnyoo, hutia umaji wake ndani ya mmea, na umaji huo hugeuza ukuaji wa mahali pale. Chembe za mmea hukua kupita kiasi, zikafanyika nyumba yake na chakula chake. Zamani hata wenye elimu wa Ulaya walidhani ya kuwa mafundo huzuka yenyewe. Mwaka 1679 tabibu Marcello Malpighi wa Italia alionyesha ya kuwa mengi hutokana na mayai ya wadudu.

Tazameni mkuyu, mti ule aliopanda Zakayo. Maua yake yamefichwa ndani ya kuyu. Nyigu jike mdogo mno huingia kwa tundu la mbele, akataga yai ndani ya ua dogo, na ua lile, badala ya kuwa mbegu, huvimba likawa chumba cha mtoto wake. Lakini nyigu yule huleta na chavua, na maua mengine hupata mbegu kwa kazi yake. Basi si kila mgeni ni adui.

Mgeni wa nyanya zetu ni mwizi. Wakulima humwita mnyoo fundo. Anapoangua, urefu wake haufiki nusu ya milimita, wala jicho halimwoni. Huingia kwa ncha ya mzizi, akakaa karibu na mishipa ipitishayo maji, akatia mate yake. Chembe chache zilizo mbele ya kinywa chake huwa kubwa ajabu, naye hunyonya hapo maisha yake yote. Jike huvimba mfano wa kibuyu, akataga mamia ya mayai katika ute. Katika udongo wenye joto, kizazi kimoja hukamilika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mizizi iliyozibwa hivyo haiwezi kupandisha maji. Kwa hiyo mche hunyauka juu ya udongo uliolowa.

Aliyeandika habari za mafundo haya mwaka 1855 alikuwa kasisi, Miles Joseph Berkeley wa Uingereza. Aliyaona katika mizizi ya matango yaliyopandwa ndani ya nyumba ya vioo. Alitafuta sababu ndani ya mzizi, akaona vijinyoo.

Mtauliza, mbona bustani ya jirani ni nzima? Kwa sababu mnyoo huyu mwenyewe haendi mbali. Huchukuliwa na udongo ulioshika jembe, na nyayo, na maji yatiririkayo, na miche iliyooteshwa mahali pachafu. Pengine aliyemleta shambani ni mwenye shamba mwenyewe, wala hakujua.

Tena msiogope kila uvimbe. Kunde, karanga, mbaazi na njugu mawe zina vinundu vya heri, ambamo bakteria huichukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Kinundu hicho kimekaa ubavuni mwa mzizi, chatoka kwa kidole, na ukikipasua ndani ni chekundu kidogo. Fundo la mnyoo limo ndani ya mzizi wenyewe, wala halitoki ila mzizi ukatike.

Shamba likipatwa, ng'oeni miche pamoja na mizizi yake yote, mkaushe juani, mchome moto. Msiitupe mferejini. Oshni majembe. Otesheni miche katika udongo safi. Msipande nyanya, bamia na bilingani mahali pale pale kila mwaka; pandeni karanga, ambazo aina zilizo nyingi za minyoo hiyo haziziwezi kwa urahisi. Wakati wa kiangazi pindueni udongo, jua liupige. Tieni samadi. Mkiwa na shaka, mwonyesheni bwana shamba mizizi.

Ndugu wapenzi, amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuacha mambo ya shambani. Nyanya zilizokufa hupandwa tena mvua zijazo. Lakini mzee aliyeitwa mchawi hata watoto wakamkimbia, nani atamrudishia jina lake? Baba na mama, mkiona mafundo, waiteni watoto, mkate mzizi mbele yao, mwaeleze. Wasikue na fundo moyoni juu ya mtu asiye na kosa.