Staa, Futa Hiyo Klipu: Nesi Hajalazwa na Uvivu, Kalazwa na Ratiba

Haya wadau, leo nimekuja na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina silitaji na nyie msilitaje huko chini, maana najua wengi mshamjua. Juzi kaposti klipu ya sekunde chache tu. Ni saa 10 usiku, wodini, nesi kaegemea meza, kichwa juu ya mafaili, usingizi umemchukua. Staa anacheka, anasogeza simu hadi usoni kabisa, halafu anaandika: "Ndo maana ndugu zetu wanakufa." Kufika asubuhi klipu ishazunguka mji mzima. Watu wanataka binti afukuzwe. Wengine wanauliza anaishi wapi, sijui wakamfanye nini.

Mimi nasema klipu ifutwe. Na sio kwa sababu eti tuwe na huruma tu. Ifutwe kwa sababu imemkamata mtu ambaye siye.

Tuanze na haki ya mgonjwa, nisije nikaambiwa natetea uzembe. Ukiwa na mama yako kitandani, dripu imeisha, unaita hakuna anayeitika, una haki ya kukasirika, tena sana. Muulize mkuu wa zamu, andika malalamiko, dai majibu. Lakini hasira yako ielekee panapohusika. Na kumbuka, kwenye hiyo klipu nyuma ya nesi kuna mgonjwa kalala, sura yake inaonekana vizuri tu. Yeye nani kamuuliza? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Kuumwa kwa mtu sio kiki ya kuuzia singo mpya.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Kwenye komenti akatokea mtu anayesema anafanya kazi naye. Binti ana miezi mitatu tangu apate leseni. Ule ulikuwa usiku wake wa sita mfululizo. Wodi nzima usiku ule ilikuwa na yeye na mhudumu mmoja. Komenti ile ilipata lakes mbili tatu, ikazama chini ya matusi. Mimi nimeiamini, kwa sababu hiyo hadithi nimeisikia kwa manesi wengi wapya, hata majina ya wodi yanakaribia kufanana.

Mwili wa binadamu una saa yake. Kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri joto la mwili linashuka na usingizi unakuwa mzito kuliko muda mwingine wowote. Hiyo haibadilishwi na kiapo wala sare nyeupe. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 uwezo wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Sasa piga hesabu. Nesi katoka naiti asubuhi, kapigana na foleni na daladala, kafika chumba chake cha kupanga Mbagala saa 4. Hapo ndo alale. Bati linawaka moto, umeme umekatika na feni imesimama, jirani kafungulia singeli, na jioni kuna kigodoro mtaa wa pili. Akipata saa 3 za usingizi anamshukuru Mungu. Akiamka saa 8 mchana, ikifika saa 10 usiku ana saa 14 macho, na nyuma yake kuna deni la usingizi la siku tano. Halafu mnamshangaa kusinzia? Mimi nashangaa alivyoweza kukaa macho hadi saa 9.

Na huyo ndiye anayetakiwa kupima dozi ya mtoto wa kilo 6. Koma moja ya desimali ikihama mahali, dozi inakuwa mara 10. Ndipo ndugu zetu wanapokuwa hatarini, staa, kwa huyo huyo nesi akiwa kafumbua macho na kichwa kimelala.

Msiniambie sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kila saa. Nzuri eeh? Ila kuna mlango wa nyuma: mapumziko hayo unaweza kuyakosa kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Sasa niambie, wodi ya usiku yenye nesi mmoja, kuna siku itaweza kuachwa? Yaani pale anapohitajika mtu wa pili ndipo haki ya mtu wa kwanza inapoyeyuka. Huo ndo mchezo wenyewe, na nesi hakuupanga yeye.

Halafu mbona naiti nyingi zinawaangukia wapya? Majibu nayajua. "Huna mume, huna mtoto, wewe bado damu changa." "Sisi wenzako tulianza hivyo hivyo." Mgeni hajui aseme nini, anaogopa mkuu wa wodi, anaogopa kuonekana mvivu, na kama bado yupo kwenye utarajali anaogopa hata ripoti yake. Basi jina lake linapangwa ivining leo, moning kesho, keshokutwa naiti. Aliyetoka ivining saa 2 na nusu usiku na kurudi saa 1 na nusu asubuhi kapata saa 11, na humo humo kuna safari mbili, kupika, kufua sare na kulala. Kuteseka kwa waliotangulia sio sababu ya kumtesa anayekuja. Na aliyepanga jina la mgeni wa miezi mitatu peke yake na wagonjwa wodi nzima, yeye usiku ule alikuwa wapi? Alikuwa kwake, kalala, na hakuna aliyemrekodi.

Nikiwa hapo hapo, nina neno na mtu mwingine. Kuna dada mmoja, nesi maarufu wa TikTok, naye simtaji. Kila wiki video: kapiga dabo shifti, naiti ya saba, mekapu haijasogea, kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi, na maneno "wito haulali." Dada, unapendeza, ila unaharibu. Binti wa miezi mitatu anakuangalia anaona yeye ndiye mbovu. Hajui kama baada ya video ulilala siku nzima, au kama hicho kinywaji umelipwa kukishika. Wito haulali, sawa. Mwenye wito analala. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2007 liliiweka kazi ya zamu zinazovuruga saa ya mwili kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mwaka 2019 likairudia kauli hiyo kwa kazi ya usiku. Hilo sio jambo la kuchezea muziki.

Mtasema basi wagonjwa waachwe manesi wakalale. Hapana. Marubani wa safari ndefu walipimwa na NASA, na ripoti ikatoka mwaka 1994: waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu walilala wastani wa dakika 26, na mwisho wa safari walikuwa makini kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Ndege haikuachwa bila rubani, mwenzake alikuwa kwenye usukani. Ndicho ninachodai wodini: watu wawili wenye leseni kila naiti, nusu saa ya kulala kwa zamu iliyoandikwa kwenye ratiba, kitanda au hata godoro kwenye chumba cha wauguzi, na dakika chache za kuamka vizuri kabla ya kushika dawa. Usingizi wa kupangwa unaokoa. Usingizi wa kuibia mezani ndio unaoua.

Na ratiba iende mbele: moning, ivining, naiti, kisha ofu. Mwili unachelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Kuigeuza haihitaji mfadhili wala semina, inahitaji kalamu.

Nesi mpya, na wewe jitetee. Kabla ya naiti ya kwanza lala mchana, hata saa moja na nusu. Kahawa inywe mapema usiku, ikipita saa 8 iache, itakunyima usingizi wa asubuhi. Ziba dirisha na blanketi, zima simu, mwambie mama mwenye nyumba ratiba yako kama ulivyomwambia siku ya kulipa kodi. Saa 10 alfajiri usipime dozi ngumu peke yako. Ita mtu asome na wewe, hata kama ni wa wodi ya jirani. Usiendeshe pikipiki ukitoka naiti. Na ukiona umepangwa naiti ya sita, andika. Barua yenye tarehe, nakala ubaki nayo. Siku mambo yakiharibika, ratiba haitaitwa kujieleza. Utaitwa wewe na leseni yako.

Kwa staa: una mamilioni ya wafuasi na simu nzuri. Ifute hiyo klipu, kisha nenda pale pale mchana, omba kuonana na uongozi, uulize wodi ile usiku inakuwa na manesi wangapi kwa wagonjwa wangapi. Jibu watakalokupa ndilo uliposti. Hapo nitakuwa wa kwanza kushea.

Manesi mliopo humu, semeni ukweli: usiku wa jana wodini mlikuwa wangapi? Msitaje hospitali, taja namba tu.