Y2K Haikuwa Uongo

Leo kuna jambo linanikera. Kila ninapobishana na watu kuhusu chanjo au tabianchi, hakosi mmoja wa kuniambia: "Hao wataalamu wako ndio walewale waliotutisha na Y2K. Mwaka 2000 ukafika, kukatokea nini?" Watu wanacheka na mjadala unaishia hapo.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo naomba niwatetee walionitangulia.

Tatizo lilikuwa la kweli. Miaka ya 1960 nafasi ya kumbukumbu katika tarakilishi ilikuwa ghali mno, basi mwaka ukaandikwa kwa tarakimu mbili tu: 65 badala ya 1965. Ikifika 2000, tarakilishi inasoma 00 na kudhani ni 1900. Hebu fikiria hesabu ya riba au pensheni ikifanywa hivyo! Mabilioni ya dola yakatumika, na watu wakapitia programu kuukuu za COBOL mstari kwa mstari. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999 ulipita salama kwa sababu kazi ilikuwa imefanywa.

Palipobaki kasoro, watu waliumia. Huko Sheffield, Uingereza, mapema mwaka 2000 programu ya hospitali ilikosea umri wa kina mama wajawazito. Zaidi ya 150 wakaambiwa kimakosa kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down ulikuwa mdogo.

Nakubali, wapo waliouza hofu. Nakubali pia kwamba nchi zilizojiandaa kidogo, kama Italia, hazikuporomoka. Lakini nazo zilitumia programu nyingi ambazo watengenezaji walikuwa wamesharekebisha.

Sayansi nayo ina kisa kama hicho. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za CFC, zilizotumika kwenye friji na makopo ya kupulizia, zinaharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal, ambao sekretarieti yake iko hapa Nairobi. Gesi hizo zikaachwa, na sasa tabaka hilo linapona polepole. Leo mtu anauliza: "Ile ozoni mliyotupigia kelele iko wapi?"

Hapo ndipo penye shida. Twasema kinga ni bora kuliko tiba, lakini kinga haina shahidi. Mtaalamu akishindwa analaumiwa, akifaulu anaitwa mwongo.

Wataalamu nasi tuna deni. Tunapiga kelele wakati wa hatari, kisha tunanyamaza ikipita. Turudi tuwaeleze watu ni nini kilirekebishwa, vipi, na kwa gharama gani. Mtu hawezi kuamini kazi ambayo hajaonyeshwa.

Mtihani mwingine uko njiani. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa kutumia biti 32. Hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Marekebisho yanaendelea. Asubuhi hiyo ukituma pesa kwa simu na zikafika salama, tafadhali usiseme tulikudanganya. Uliza kwanza ni nani aliyekesha.