KUJITAWALA SIKU YA MSHAHARA



Toleo lililopita tuliandika juu ya posho ya zamu ya usiku, na wengi mlitushukuru. Maneno ya leo labda hayatapendwa sana, kwa kuwa adui tunayemtaja hakai ofisini. Twakaa naye nyumbani, na mara nyingi twamtia mfukoni pamoja na simu.

Ndugu mmoja anayekaa Njiru, upande wa machimbo ya mawe, alitujia na karatasi yake ya mshahara. Mtoto wake amepata nafasi ya sekondari na karo inatakiwa. Alikwenda kwenye chama cha akiba kuomba mkopo, akakataliwa. Hakukataliwa kwa ubaya. Sheria ya Kazi ya 2007, katika kifungu cha 19, inasema makato yote ya mfanya kazi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake, na ndugu huyu alikwisha fika mpakani. Tulikaa naye tukahesabu kato baada ya kato. Kila moja lilikuwa na jina zuri la heshima, mkopo wa hiki na mkopo wa kile. Lakini tulipofuata mzizi tuliona kwamba mkopo wa kwanza ulichukuliwa ili kulipa deni la simu, na deni la simu lilichukuliwa usiku mmoja ili kuweka dau juu ya mpira wa Uingereza, kati ya timu mbili ambazo hata jezi zake hana.

Ndugu huyu ana ploti. Mawe ya msingi alikwisha yanunua, tena kwa bei nzuri kwa kuwa machimbo ni jirani. Yamekaa pale miaka mitatu. Nyasi zimeota katikati yake, na watoto wa jirani huyafanya viti.

Tusimcheke. Sisi tunaoandika hapa tulipotaka kufanya mtihani wa kupandishwa cheo tulinunua daftari mpya, tukaapa mbele ya mama watoto kwamba tutasoma kila jioni. Jioni ya kwanza tulisoma. Jioni ya pili tuliposhuka matatu katika Barabara ya Kangundo tuliona ni adabu kumsalimu rafiki kidogo, naye hakuwa ameketi mahali pa chai. Siku ya mtihani ilipofika tulizijua kurasa kumi na moja za kwanza vizuri sana. Hakuna swali hata moja lililotoka humo.

Katika shule ya misheni tulifundishwa habari ya Esau aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, na darasa zima tulimcheka. Hatukuwa na haki ya kumcheka. Yeye alikuwa na njaa kweli, maana alikuwa ametoka porini.

Sasa, kosa letu lilikuwa nini? Tulidhani kujizuia ni ugumu wa moyo tu, kwamba mwenye moyo mgumu atashinda na mwenye moyo laini atashindwa. Lakini sisi ni watu wa reli, na reli ilikwisha tufundisha jambo jingine. Dereva wa treni haanzi kufunga breki anapoifikia ishara nyekundu. Akingoja hapo, mabehewa yote nyuma yake yatamsukuma apite, hata awe shujaa namna gani. Hufunga mbali, wakati njia ingali nyeupe mbele yake na abiria hawajui lolote. Na tazameni breki yenyewe. Breki ya hewa ya kwanza ya George Westinghouse, ya mwaka 1869, ilihitaji hewa ili kufunga, na bomba likikatika treni ilikuwa haina breki. Mwaka 1872 akaigeuza. Tangu hapo hewa ndiyo inayoziachilia breki, na bomba likikatika breki hujifunga zenyewe. Hazingoji dereva akumbuke wala awe na moyo mgumu siku hiyo.

Basi mshahara wetu umefungwa breki ya namna gani? Wazee wetu wa landi za Muthurwa walipewa fedha mkononi, na kati ya dirisha la mshahara na pombe kulikuwa na mwendo wa miguu, mtu aliweza kufikiri njiani. Leo ujumbe unaingia kwenye simu saa moja jioni, na simu hiyo hiyo ndiyo benki, ndiyo duka, ndiyo mkopeshaji, ndiyo meza ya kamari. Hakuna mwendo. Serikali ilijaribu kuweka mwendo kidogo kwa sheria ya vileo ya 2010, iliyozuia baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa simu hakuna saa za kufungua wala kufunga.

Tuhesabu kidogo, maana shilingi hazina aibu. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ni ndogo. Lakini mwenye kukopa 1,000, akalipa, akakopa tena siku ile ile, akafanya hivyo miezi 12, amelipa ada ya shilingi 900 na bado 1,000 anadaiwa. Shilingi 1,000 hizo hizo kwenye chama cha akiba kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, akilipa sawa sawa kila mwezi, riba ya mwaka mzima ni shilingi 65, na deni limekwisha.

Wengine watasema, basi tukate sana, tukate nusu nzima ya mshahara iende akiba. Hapana, ndugu. Wataalamu wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio huku kwetu Magharibi mwa Kenya katika vyama vya watu wanaochangiana, na habari zake zilichapishwa mwaka 2013. Waliwapa wengine sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo akakaa nao mwenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo lakini ufunguo wakanyimwa. Sanduku la kwanza, ambalo mtu angeweza kulifungua wakati wowote, lilitosha kuongeza kwa theluthi mbili hivi matumizi ya watu kwa vitu vya kujikinga na ugonjwa. Lile lisilofunguka halikufaa kama hilo kwa kazi hiyo, kwa kuwa watu waliogopa: mtoto akiugua usiku, fedha zimefungiwa. Kwa hiyo makato makubwa mno ni breki inayosimamisha treni katikati ya daraja. Mtu akikwama hapo hukimbilia simu, na habari inaanza upya.

Tena tusikubali kuambiwa kwamba Mwafrika hajui kungoja. Kuna jaribio mashuhuri la Marekani, la Walter Mischel, ambalo mtoto huwekewa kitu kitamu na kuambiwa akingoja atapata viwili. Watafiti walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa kabila la Nso huko Kamerun, kwa maandazi madogo ya kwao, na kwa watoto wa Ujerumani. Watoto wa Nso walioweza kungoja walikuwa karibu asilimia 70. Wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Na huko Marekani kwenyewe, jaribio lilipotazamwa upya mwaka 2018 kwa watoto wengi zaidi, ilionekana kwamba hali ya nyumbani ilieleza sehemu kubwa ya yale yaliyokuwa yakisifiwa kuwa ni moyo wa mtoto.

Hilo twawaandikia na wakubwa, maana twajua wanasoma karatasi hii ingawa hawachangii karatasi wala wino. Wengine wakisikia neno kujizuia hufurahi, wakidhani ni dawa badala ya nyongeza. Mshahara usiotosha hautatoshelezwa na kujizuia. Mtu hawezi kuweka akiba ya chakula cha juma la nne ambacho hakikununuliwa. Madai yetu yako pale pale.

Lakini na madai yenyewe yanataka watu wenye akiba. Tarehe 13 Januari 1947 watu wa bandari na wa reli Mombasa waliacha kazi, na mji mzima ukawafuata, watu kama 15,000. Walikaa siku 12. Fikirini siku 12 za nyumba zenye watoto, bila mshahara. Hapakuwa na fujo kubwa, na baraza la usuluhishi lililofuata liliwapa nyongeza. Je, sisi wa leo, tulio na deni linaloita kwa simu kila asubuhi, tungefika siku ya nne?

Ndugu wa Njiru tulimsaidia hivi. Tulimwomba afisa wa chama cha akiba aunganishe madeni yake mawili kuwa moja la muda mrefu, ili karatasi irudi chini ya mpaka. Namba yake ya kamari aliifunga mwenyewe mbele yetu, akanung'unika kidogo. Karo ya muhula wa kwanza imelipwa nusu, na shule imekubali kungoja nusu nyingine. Mawe bado yako pale.

Fomu za kukatwa akiba kabla mshahara haujafika kwenye simu ziko kwa katibu wa tawi. Andikeni kiasi kidogo mtakachokiweza hata mwezi mbaya, na wale wa zamu ya usiku wanaweza kuzichukua kwa gadi wa treni ya asubuhi. Wanaosomea mtihani wa cheo tutakutana nao Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni katika chumba cha chama, kabla mtu hajapanda matatu. Taa ipo. Kila mtu aje na kitabu chake, na simu zitawekwa katika kikapu mlangoni, ya mhariri ikiwa ya kwanza.