Afadhali Gogo Lianguke

Tarehe 1 Agosti 2021, Mjerumani Michael Jung alikuwa akiitafuta dhahabu yake ya tatu mfululizo ya Olimpiki kama mchezaji mmoja mmoja, katika mchezo wa farasi wa hatua tatu, baada ya zile za London 2012 na Rio 2016. Farasi wake, Chipmunk, alikuwa ameongoza katika hatua ya kwanza. Kwenye mbio za nyika pale Tokyo alivivuka viunzi kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja ambapo mguu wa nyuma ulilipitia gogo la juu kidogo tu. Kifaa kilicholishikilia gogo kikafyatuka, gogo likashuka. Adhabu: pointi 11. Bila hizo, Jung angeingia siku ya mwisho akiwa kileleni. Akiwa nazo alimaliza wa nane, na dhahabu ikaenda kwa mwenzake wa timu, Julia Krajewski, mwanamke wa kwanza kuitwaa medali hiyo ya mchezaji mmoja mmoja.

Wengi walilalamika. Farasi hakuwa hatarini, walisema. Iweje kifaa cha usalama kimnyang'anye mtu ushindi? Toleo hili linahusu wanyama katika michezo, na tumeamua kulifungua na lalamiko hilo kwa sababu tunaliona limesimama kichwa chini miguu juu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: ni mashindano ya siku kadhaa, farasi yuleyule na mpandaji yuleyule, katika hatua tatu. Kwanza dresaji, ambapo farasi hupimwa utii na ulaini wa mwendo. Kisha mbio za nyika, ambazo ndizo roho ya mchezo na ndizo zinazoua. Mwisho, kuruka viunzi uwanjani. Katika ngazi ya juu kabisa, ile ya nyota tano, kama Badminton na Burghley nchini Uingereza au Kentucky nchini Marekani, njia ya nyikani huwa na urefu wa zaidi ya kilomita sita na miruko kama 40 hadi 45. Mwendo unaotakiwa ni mita 570 kwa dakika, yaani kilomita 34 kwa saa, na kila sekunde ya kuchelewa ina adhabu yake. Sehemu ngumu ya kiunzi hufikia kimo cha mita 1.20; ikiwa juu yake pana matawi ambayo farasi anaweza kuyapita, jumla hufika mita 1.45.

Uwanjani, farasi akikosea mti huanguka, wanampa mpandaji pointi nne, na maisha yanaendelea. Nyikani, kwa muda mrefu wa historia ya mchezo huu, gogo halikusogea. Aliyesogea alikuwa farasi. Akiligonga kwa miguu ya mbele, juu ya magoti, kifua husimama ghafla huku nyuma yake ikiendelea kuja. Basi hupiga kichwangomba, na kilo 500 na ushei zikamshukia mpandaji ambaye tayari yuko chini. Kofia ngumu na fulana ya kinga, hata ile inayojaa hewa pindi mtu anapochomoka kwenye tandiko, ni za kumsaidia anayeanguka peke yake. Hazikuundwa kubeba farasi.

Mwaka 1999 wapandaji watano walikufa Uingereza katika msimu mmoja. Kamati ya kimataifa iliyoongozwa na Lord Hartington ilitoa ripoti mwaka uliofuata, na kiini chake kilikuwa chepesi kuliko watu walivyotarajia: mzuieni farasi asianguke. Ilikuwa ripoti ya kumlinda mtu, lakini njia yake ilipita kwa mnyama, na tangu hapo haikuwezekana tena kuzungumzia usalama wa mpandaji kama jambo moja na ustawi wa farasi kama jambo jingine. Kazi ya kiufundi ilipelekwa kwa Transport Research Laboratory, taasisi ya Kiingereza iliyozoea kuchunguza ajali za magari. Kutoka hapo ikaja pini ya kukatika, iliyoanza kutumika mwaka 2002: gogo hulazwa juu ya pini ambayo hukatika uzito wa farasi ukiligandamiza, likashuka, naye akapata nafasi ya kuokoa miguu yake. Baadaye Wasweden walileta klipu iitwayo MIM, inayofunguka kwa msukumo wa mbele na wa chini pia, na yenye aina mbili za rangi: nyekundu ya kustahimili zaidi na njano inayoachia mapema.

Tuingie sasa kwenye kiini cha lalamiko la Tokyo. Kifaa cha namna hii lazima kiwekewe kizingiti, yaani nguvu ambayo ikifikiwa kinaachia. Kipandishe, na hakitaachia bure hata siku moja. Ila ipo siku farasi aliyechoka atalifikia gogo polepole, kifua mbele, na nguvu ile haitatosha. Kishushe, na utaokoa farasi huyo, ila utaangusha pia magogo ambayo hayakuhitaji kuanguka. Hakuna kizingiti kisichokosea kabisa. Mafundi wanaweza kupunguza makosa ya pande zote mbili, na wanaendelea kupunguza, lakini mwisho wa siku mtu lazima aamue ni kosa lipi afadhali. Kwa miaka mingi mchezo ulichagua kosa linalolipwa na mwili wa farasi na mwili wa mpandaji, ili ubao wa matokeo ubaki safi. Tokyo, kosa lililipwa na ubao wa matokeo. Jung alirudi nyumbani mzima, Chipmunk pia, na miaka mitatu baadaye, pale Versailles, wawili hao wakaichukua dhahabu ya Paris 2024.

Wapo wanaotaka kifaa kibaki lakini adhabu iondolewe. Hoja hiyo ina mvuto, nami kwa muda niliiafiki kimyakimya. Tatizo lake ni kwamba mpandaji anayejua kuwa gogo litamsamehe, na kwamba saa haitamsamehe, atakwenda kasi na kuruka chinichini. Pointi zile humlazimisha amwinue farasi. Kama ziwe 11 au nne kama za uwanjani, hilo linajadilika. Kwamba zisiwepo kabisa, hapana. Na kinachotushangaza zaidi ni jinsi ambavyo hakuna anayesema ameibiwa mti ukianguka uwanjani kwa kuguswa na ukwato. Tofauti ni mazoea tu. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, sasa zinalazimisha vifaa hivi kwenye baadhi ya aina za viunzi. Sisi tungeondoa neno “baadhi” popote ambapo fundi anaweza kuweka klipu.

Mazoea hayo yana mizizi ya kijeshi. Mchezo uliingia Olimpiki mwaka 1912 kama mtihani wa maofisa na farasi wao, na kwa miongo mingi mateso yalihesabiwa kuwa sehemu ya mtihani. Berlin 1936, kidimbwi cha kiunzi cha nne kiliangusha farasi wengi, na watatu walikufa katika mashindano yale. Konrad von Wangenheim wa Ujerumani alivunjika mtulinga, akapanda tena, timu yake ikapata dhahabu, na kisa chake kikasimuliwa vizazi na vizazi kama ushujaa. Leo mpandaji akianguka anaondolewa papo hapo. Mexico 1968, katika mvua kubwa, farasi wawili zaidi walikufa. Ilichukua hadi Athens 2004 kwa Olimpiki kuachana na mfumo mrefu, ambao kabla ya mbio za nyika ulikuwa na safari ya kilomita nyingi barabarani na mbio za kasi za viunzi. Tusijidanganye kwamba ilikuwa huruma tupu: mfumo ule ulihitaji ardhi kubwa na fedha nyingi. Na wakongwe wanaoulilia wana hoja kidogo, kwani wabunifu wa njia, walipopokonywa urefu, walihamia kwenye ugumu wa hesabu: viunzi vyembamba, viunzi vya pembe, kona kali baada ya kutua. Farasi anachoka kidogo lakini anafikiri sana, kwa kasi ileile.

Mfano mzuri pia upo, nao ni wa joto. Kabla ya Atlanta 1996, wengi waliogopa kwamba jua la Georgia lingewaua farasi. Badala ya kuomba Mungu, mchezo ulifadhili utafiti. Imani ya wafugaji wengi ilikuwa kwamba maji baridi juu ya misuli yenye moto huikaza na kumdhuru farasi. Majaribio yalionyesha kinyume: maji ya barafu, yakimwagwa tena na tena, ndiyo njia ya haraka ya kumpoza, wala hayamdhuru. Njia ikapunguzwa, vituo vya kupozea vikawekwa, feni za ukungu zikawashwa, na mashindano yakapita salama kuliko ilivyohofiwa. Ujuzi ule bado unatumika, Tokyo ikiwemo. Vivyo hivyo na rangi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wameonyesha kwamba rangi ya chungwa, inayotumika sana kwenye viunzi, humpotea farasi kwenye kijani cha majani, ilhali nyeupe, njano na buluu humjia wazi. Mbio za viunzi za Uingereza zimebadilisha chungwa kuwa nyeupe. Mtu anajiuliza ni miaka mingapi farasi waliitwa wakaidi kwa kutoona kitu ambacho kwao hakikuonekana.

Ila siku ileile ya Tokyo, kabla ya kumaliza njia, farasi wa Uswisi aitwaye Jet Set, mwenye miaka 14, alisimama akichechemea. Kano za mguu wake wa kulia, juu kidogo ya ukwato, zilikuwa zimekatika kiasi cha kutopona, na akadungwa sindano ya mwisho. Hakuna gogo lililomdhuru. Hakuna klipu ingemsaidia. Mpandaji wake, Robin Godel, hakulaumiwa na yeyote kwa uzembe, wala sisi hatumlaumu. Hapa ndipo hoja yetu ya vizingiti inapoishiwa, na ni haki kusema hivyo: sehemu ya hatari imo ndani ya mwendo wenyewe, na swali linalobaki ni la ruhusa. Mpandaji alichagua. Punda wa Lamu naye hakuulizwa kabla ya kubebeshwa mawe, lakini mzigo wake una maelezo: vichochoro havipitishi gari na nyumba haijengwi kwa maneno. Farasi wa Burghley anaruka kwa sababu sisi tunapenda kutazama. Sababu hiyo si ovu, ila ni nyepesi, na sababu nyepesi haiwezi kubeba vifo vingi.

FEI yenyewe inalijua hili. Tume ya maadili na ustawi iliyoiunda mwaka 2022 ilifanya uchunguzi wa maoni uliokuta takribani theluthi mbili ya umma wana wasiwasi na namna farasi wanavyotumika michezoni. Na kuna jirani wa kumtazama. Siku chache baada ya Jet Set, palepale Tokyo, farasi Saint Boy aligoma katika pentathloni ya kisasa, huku mpandaji akilia na kumchapa mbele ya kamera za dunia nzima. Baada ya Paris 2024 farasi wakaondolewa kabisa katika mchezo huo. Tena hakuna aliyekufa siku ile. Ilitosha kuonekana.

Basi tuna pendekezo, na tunajua litawaudhi watu tunaowaheshimu. Watafiti wa Uingereza waliochunguza maanguko ya nyikani baada ya 1999 walikuta, miongoni mwa mengine, kwamba mpandaji aliyejua kuwa anaongoza kabla ya kuanza mbio za nyika alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya farasi wake kuanguka. Si kiunzi, si maji, si mteremko: ni habari aliyokuwa nayo kichwani. Habari hiyo leo hutangazwa kwa vipaza sauti na kuandikwa kwenye kioo kikubwa saa ileile alama zinapotoka, kisha mtu huyohuyo hupewa usiku mzima wa kuilalia.

Alama za dresaji si lazima zijulikane mapema. Zinaweza kufungwa kwenye bahasha na kufunguliwa jioni ya mbio za nyika, baada ya farasi wote kukaguliwa. Televisheni itapoteza kionjo cha nani anamkimbiza nani, na waandaaji watasema watazamaji wamezoea. Hatuombi kanuni mpya ya dunia nzima. Tunaomba msimu mmoja wa majaribio katika mashindano mawili au matatu ya nyota tano, kisha maanguko yahesabiwe na kulinganishwa na ya misimu iliyotangulia. Badminton hufanyika kila Mei. Muda wa kununua bahasha upo.