Mkono wa Mlinzi: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Waamuzi wa Chialidingi

Kwa viongozi wa International Cheer Union (ICU),

Nina neno moja tu nanyi, nalo linamhusu mlinzi, yule mtu wa tatu anayesimama nyuma ya wawili wanaonyanyuana.

Mnyanyuo wenyewe mnaujua. Nauelezea kwa ajili ya wasomaji wengine. Kijana, ndiye mbebaji, humshika binti kiunoni, wote wawili wakakunja magoti, binti akaruka huku akirushwa, na kabla hajaanza kushuka nyayo zake zikadakwa viganjani. Mabingwa humalizia na miguu yake yote miwili juu ya kiganja kimoja. Wapo wanaopinduka kinyumenyume hewani kwanza, ndipo wadakwe. Wakifanya hivyo bila kuguswa, ugumu wa mnyanyuo huhesabiwa kuwa wa juu. Mlinzi akitia mkono, unakuwa mnyanyuo wa kusaidiwa, na thamani yake hupungua.

Tofauti hiyo siipingi. Anayempandisha mwenzake peke yake amefanya kazi kubwa zaidi, alipwe alama zake. Shida ni kwamba mkono wa mlinzi hauna kazi moja. Sheria humruhusu kushika kifundo cha mkono wa mbebaji, au kifundo cha mguu wa binti. Asichoruhusiwa ni kuweka mikono yote miwili chini ya unyayo, maana hapo ameshakuwa mbebaji wa pili. Sasa, kiganja kinachosukuma wakati wa kurusha kimebeba uzito, na huo ni msaada bila ubishi. Vidole vinavyogusa kifundo cha mguu baada ya binti kusimama wima havijabeba chochote. Na mikono inayompokea mgongoni anaposhuka? Hiyo ndiyo kazi aliyowekewa pale: kulinda kichwa, shingo, mgongo na mabega.

Mtazameni mlinzi wa timu inayowania ushindi. Mikono yake imeinuka, haigusi, vidole vinafunguka na kufumba, macho yako kwenye kisigino cha binti. Kisigino kinapoanza kuteleza nje ya kiganja, hadaki papo hapo. Anasubiri kidogo, aone kama mbebaji atajirekebisha. Kusubiri huko amefundishwa, kwa sababu mguso una bei. Mimi naona bei hiyo imewekwa mahali pabaya.

Kisha kuna suala la nani anaona nini. Meza ya waamuzi iko mbele, mlinzi yuko nyuma, na katikati kuna mabega ya mbebaji. (Na wabebaji hawa hawana mabega madogo.) Mkono unaosukuma kwa siri unaweza kufichika kabisa, ilhali mkono uliopanda juu kuokoa unaonekana na kila aliyeketi ukumbini. Anayeadhibiwa kwa urahisi ni yule aliyetenda wajibu wake.

Ombi langu: mwekeni mwamuzi mmoja ubavuni mwa zulia, kazi yake iwe kuandika mkono uligusa wapi na wakati gani. Msaada uhesabiwe binti anapopanda na anapozuiwa asianguke akiwa juu. Kumpokea anaposhuka kusiguse kabisa alama za ugumu. Mnyanyuo ukivunjika, makato ya kuanguka yapo tayari na yanatosha.

Makocha wajanja watajaribu kuuita msukumo uokoaji. Najua. Lakini msukumo hufanyika magoti ya mbebaji yanapokunjuka, na kutoka ubavuni tendo hilo haliwezi kufichwa.

Mchezo huu ulianza mwaka 1898 kwa Johnny Campbell kuongoza kelele za mashabiki wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na siku ile hakuna aliyerushwa popote. Tangu Julai 2021 mna utambuzi kamili wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na nchi zinazoingia sasa nyingi zitaanza na minyanyuo ya kusaidiwa, kama ilivyo haki yao. Zinahitaji kujua mapema ni mguso upi unaopunguza alama na upi haupunguzi.

Anzeni na shindano la wawili wawili, ambako zuliani wapo watu watatu tu na mwamuzi wa pembeni hatachanganyikiwa. Mkiona jambo hili linafanya kazi, lipelekeni kwenye timu kubwa mtakapokutana Orlando kwa mashindano ya dunia.

Wenu,
Mfuatiliaji wa chialidingi