Anayeongoza Walimu Awe Mwalimu

Liko swali ambalo sisi tunaosomea ualimu hatuwezi kulipuuza: je, mtu asiyesomea elimu anastahili kukabidhiwa uongozi wa shule? Wapo wanaosema kwamba shule ni kama shirika lolote. Ina bajeti, majengo na wafanyakazi, hivyo meneja hodari aweza kuiendesha. Sisi hatukubaliani nao.

Tutazame yaliyotokea jijini New York, Marekani. Mnamo Novemba 2010, Meya Michael Bloomberg alimteua Cathleen Black, kiongozi wa kampuni ya majarida, asimamie shule za umma za jiji hilo, zenye wanafunzi zaidi ya milioni moja. Bi. Black hakuwa na sifa za kielimu zilizotakiwa na sheria ya jimbo, ikabidi kibali maalumu kiombwe. Kibali kilitolewa baada ya kukubaliwa kwamba mtaalamu wa elimu ateuliwe awe naibu wake na kusimamia masomo. Kwa maoni yetu, mpango huo ulikuwa ni kukiri kwamba umeneja peke yake hautoshi. Bi. Black alianza kazi Januari 2011. Aprili mwaka huohuo aliondoka.

Hatusemi kwamba cheti pekee humfanya mtu kiongozi. Tunawajua walimu stadi walioshindwa na hesabu za shule mara walipopewa ofisi. Lakini hesabu zina mhasibu. Ni nani atakayeketi nyuma ya darasa, amsikilize mwalimu mgeni akifundisha, kisha amwonyeshe alipokosea? Ni nani atakayeitambua ratiba inayowachosha watoto, au andalio la somo lililonakiliwa tu? Hawezi kazi hiyo ila aliyewahi kushika chaki.

Jifya moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu yadaiwe pamoja: cheti cha ualimu, miaka kadhaa ya kufundisha, na mafunzo ya uongozi kabla ya kushika madaraka. Sharti hili lizihusu pia shule za watu binafsi, ambazo hapa Uganda ni nyingi. Mwenye mali na amiliki majengo. Masomo yasimamiwe na mwalimu. Tusipolidai jambo hili leo, kesho tutaamriwa jinsi ya kufundisha na mtu asiyejua kufundisha, na watakaolipa gharama ni watoto.